Kurudi shuleni kwako na firimbi: mwongozo kwa wasichana wa zamani

Mwongozo huu nimemwandikia msichana aliyesoma shule ya wasichana hapa Nairobi, akacheza mpira wa aina yoyote hadi kidato cha nne, akasomea michezo au bado anawaza kuisomea, na sasa anataka kurudi awasaidie walioko. Mimi nafundisha Kiswahili na P.E. (elimu ya viungo) katika shule ya kutwa huku Eastlands. Wikendi naenda shule niliyosomea, ya bweni, upande mwingine wa mji. Sitaitaja jina, maana mwalimu mkuu wake hajanituma niisemee.

Niseme mapema msimamo wangu. Shule haikosi wageni wa kuleta mipira. Mipira huletwa siku ya kutuza washindi, ikapigwa picha na mgeni wa heshima, na muhula wa pili ukifika nusu imetoboka na nusu imefungiwa stoo ambayo ufunguo wake uko kwa mwalimu aliyehamishwa. Anayekosekana ni mtu wa kuja wiki hii, na ijayo, na ile inayofuata, saa ileile. Ukiweza kuwa mtu huyo hata kwa muhula mmoja, endelea kusoma. Kama huwezi, tuma pesa ya nyavu na usione haya. Nyavu pia zinahitajika.

Karatasi kwanza

Kama bado uko shuleni au ndiyo umemaliza, njia niliyopita mimi ni Chuo Kikuu cha Kenyatta, pale Kahawa, ambako kuna idara nzima ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, humtaka mwalimu wa sekondari awe na wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, na C+ katika masomo mawili ya kufundishia. P.E. si somo la mtihani wa KCSE, kwa hivyo usiingie chuoni ukiitegemea peke yake. Hakikisha masomo yako ya darasani yamesimama, na uchague lile utakalofundisha sambamba na P.E. kwa makini, kwa sababu ndilo litakalojaza ratiba yako. Nawajua wenzangu waliolichukua kama mzigo tu wa kufikia cheti, na leo wanalifundisha Jumatatu hadi Ijumaa bila hamu. Kiswahili nilikichukua kwa kukipenda. Kimenifaa hata uwanjani, maana kocha asiye na maneno hupiga kelele tu.

Mambo yanabadilika, nayo ni mabadiliko mazuri kwetu. Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya iliingia sekondari pevu Januari 2026, na mmoja kati ya mikondo yake mitatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Miaka yote tuliyosoma sisi, kipindi cha P.E. kilikuwa cha kukopeshwa hesabu. Sasa kuna wasichana watakaochagua michezo kama somo, na shule nyingi zinauliza nani atawafundisha. Kama wewe ni mwalimu mwenye P.E. na umekaa nyumbani ukisubiri kuitwa na TSC, peleka barua shule za kibinafsi zenye mkondo huo. Usisubiri tangazo la gazetini.

Digrii peke yake haitoshi kukukalisha kwenye benchi la timu. Chukua pia kozi ya ukocha ya mchezo wako. Katika soka ngazi ya kuanzia ni leseni D ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Vikapu na riadha pia zina kozi za ngazi ya kwanza zinazotambuliwa na mashirikisho ya dunia. Halafu huduma ya kwanza: St John Ambulance na Kenya Red Cross wote hufundisha hapa mjini. Hii ningeiweka mbele ya zote. Msichana akiteguka kifundo cha mguu Jumamosi asubuhi, matroni yuko mwisho wa bweni na nesi hayupo, watu wote watakuangalia wewe.

Karatasi ya mwisho ni cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Unaomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya C24, kisha unaenda kuwekwa alama za vidole kwenye Huduma Centre. Shule isipokiomba, kipeleke tu. Mtu mzima anayetaka kukaa na watoto wa wenyewe aonyeshe yeye ni nani kabla hajaulizwa.

Kupita getini

Wengi huanza kwa mwalimu mkuu. Mimi nasema anza kwa mwalimu wa michezo. Huyo ndiye anayejua ni mchezo gani una timu na upi una jina tu, ni kina nani wamekatazwa kucheza kwa sababu ya alama, na saa ngapi uwanja unachukuliwa na gwaride la skauti. Tena ndiye anayeweza kukukwamisha kimyakimya akihisi umekuja kumpokonya timu. Kumbuka anafanya kazi hiyo juu ya vipindi vyake vya Biolojia au Jiografia, mara nyingi bila nyongeza yoyote.

Maneno yawe machache. Kitu kama hiki: "Madam, habari ya kazi. Mimi nilisoma hapa, nilicheza netiboli. Sijakuja kuchukua timu. Nina saa mbili kila Jumamosi asubuhi muhula huu wote. Ni kazi gani hapa imekosa mtu?" Kisha nyamaza usikilize. Pengine utaambiwa uchore mistari ya uwanja. Pengine utapewa kikosi cha pili, wale ambao hawasafiri. Kubali. Kikosi cha pili ni zawadi: hakina presha ya kombe, na huko ndiko wanakojificha wachezaji wa mwaka ujao.

Baada ya hapo ndipo barua iende kwa mwalimu mkuu, ukurasa mmoja. Taja mwaka uliomaliza na nambari yako ya usajili ya wakati ule (wana rejista, na makarani hupenda kuichimbua), mchezo utakaofundisha, siku na saa, jina la mwalimu mtakayekuwa naye uwanjani, na tarehe ya mwisho. Hiyo tarehe ya mwisho usiiache. Mwalimu mkuu ameona watu wengi wanaoahidi kuja "daima" kisha wakapotea wiki ya tatu. Anayesema atakuja hadi wiki ya kumi halafu mzungumze upya, huyo ndiye anayemwamini.

Getini jiandikishe kitabuni kila mara, hata soja akikupungia mkono upite. Siku kukiwa na maswali, kitabu kile kitakutetea.

Na kuhusu Jumamosi. Shule zetu zina wasichana Waadventista, na Jumamosi kwao ni Sabato. Usipofikiria hilo utawakosa wachezaji wazuri mno na hutajua ni kwa nini, kwa sababu hawatakuja kulalamika. Mimi nimegawa: Jumamosi asubuhi, na Jumapili alasiri baada ya kila mtu kutoka ibadani. Jumapili ni fupi, lakini ipo.

Jua kalenda kabla ya kufungua mdomo

Michezo ya shule za sekondari, ile inayosimamiwa na KSSSA, chama cha michezo cha shule hizo, hugawanywa kwa mihula. Muhula wa kwanza ni vikapu, handiboli, magongo, raga ya watu 15 na riadha. Wa pili ni soka, voliboli, netiboli na raga ya saba kila upande. Timu hupanda kutoka kaunti ndogo hadi Nairobi nzima, kisha kitaifa, na bingwa akaenda michezo ya Afrika Mashariki. Wa tatu ni wa mitihani.

Maana yake ni hii: ukijitokeza mwezi wa tano na netiboli yako mkononi, timu imeshachaguliwa na kocha hataki mawazo mapya. Ingia muhula mmoja kabla. Netiboli ifundishwe muhula wa kwanza wakati hakuna anayeitazama, handiboli na vikapu muhula wa pili. Chagua mchezo mmoja tu. Ukifundisha mitatu hutafundisha hata mmoja.

Saa mbili zenyewe

Nitatumia netiboli kwa sababu ndiyo naijua hadi mifupani. Ukiwa wa mchezo mwingine, badilisha sheria, mpangilio ubaki.

Fika kabla yao. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, umegawanywa sehemu tatu sawa, na nusu duara la kufungia lina kipenyo nusu cha mita 4.9. Pima kwa futi ya fundi, si kwa hatua za miguu. Kama uwanja ni wa udongo, beba chokaa. Shule nyingi za huku kwetu zimekaa juu ya ule udongo mweusi ambao ukilowa unabandika raba chini, na ukikauka unapasuka nyufa za kuvunja mguu. Kati ya Machi na Mei usijidanganye kwamba utakuwa nje kila wiki. Omba ruhusa ya ukumbi wa chakula mapema. Mkisogeza meza, kazi ya miguu na sheria zinafundishika humo vizuri, wapishi wakiwa mashabiki.

Dakika ishirini za kwanza zote ni za kupasha mwili, na sipunguzi hata timu ikinikasirikia. Wasichana huchanika kano za ndani ya goti zaidi kuliko wavulana, hasa kwa kuruka, kutua na kugeuka ghafla. Netiboli yote ni kuruka, kutua na kusimama ghafla. Kuna mpango wa FIFA unaoitwa 11+, ulioundwa kwa wachezaji wa soka, wa kukimbia polepole, mazoezi ya nguvu, ya kusimama mguu mmoja, na ya kuruka. Unapatikana bure, unachukua kama dakika ishirini, na hauhitaji vifaa zaidi ya koni na mpira. Ufanyike angalau mara mbili kwa wiki. Mara ya pili mimi sipo, kwa hivyo nimemfundisha nahodha auongoze.

La kuangalia ni goti. Mwambie msichana aruke na kutua kwa miguu miwili, ukiwa umesimama mbele yake. Magoti yakikaribiana kama yanataka kunong'onezana, hapo pana kazi. Atue kwa vidole kwanza, apinde magoti na nyonga, magoti yaelekee vidole vya miguu, na atue bila kishindo. Mimi huwaambia nisisikie mtu akitua. Wakishindana nani ametua kimya kuliko mwenzake, nusu ya somo imekwisha bila hotuba.

Kisha mpira. Sheria tatu zinatosha kwa mwezi wa kwanza: mpira usikae mkononi zaidi ya sekunde tatu, mguu uliotua kwanza ukiinuka usirudi chini kabla mpira haujatoka mkononi, na anayezuia akae sentimita 90 kutoka kwa mwenye mpira. Zoezi ninalolipenda ni la sehemu moja ya uwanja, wanne dhidi ya watatu, pasi sita mfululizo ni pointi. Hakuna goli. Ukiondoa goli, wale warefu wawili hawawezi tena kubeba timu nzima, na msichana mfupi wa pembeni anagundua kwamba kazi ya kati ni yake. Baada ya hapo mchezo kamili, na mimi hunyamaza. Nikiona kosa nalihesabu, nasimamisha likirudi mara ya tatu, naonyesha, tunaendelea. Makocha wengi wa shule hufundisha kwa kupaza sauti kutoka pembeni mfululizo, na wachezaji wao hujifunza kumsikiliza kocha badala ya kumtazama mwenzao.

Nusu saa ya mwisho si ya timu. Hii niliipigania. Ni ya wale ambao hawajachaguliwa popote, waliozoea kukaa kwenye nyasi na kusuka vitambaa huku wakingoja kengele. Shule ya wasichana ina mamia ya wanafunzi na labda mia moja tu wanavaa jezi. Waliobaki huacha kukimbia wakiwa na miaka kumi na mitano na hawakimbii tena maisha yao yote, ila wakimbilie matatu. Kwao hakuna sheria za kutua. Ni michezo ya watoto: ni kati, ni bladder, ni kuruka kamba, ni mbio za kupokezana soksi iliyofungwa fundo. Waje na viatu vya darasani kama hawana raba. Usimrudishe mtu kwa ajili ya viatu.

Yale ambayo kocha mwanamume husahau

Kwenye begi la vifaa weka sodo, sabuni, na bukta moja ya ziada. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali iwape wasichana wa shule sodo bila malipo, na ni sheria njema, lakini haijui ni lini mgao utafika shuleni kwako wala nani amezidiwa katikati ya mazoezi. Usizigawe kwa sherehe. Sema tu ziko wapi, mtu achukue mwenyewe. Na mkinunua jezi, bukta iwe nyeusi au samawati iliyokolea. Aliyebuni bukta nyeupe za wasichana hakuwahi kuwa msichana wa kidato cha pili.

Sidiria ya michezo ni kifaa sawa na raba. Wapo wasioruka vizuri kwa sababu wameikumbatia mikono kifuani, na kocha anadhani ni uvivu. Soko la Gikomba utapata za mtumba zilizo imara kwa bei ya chakula cha mchana. Ninapowachangisha wenzangu wa zamani, hiki ndicho huanza nacho, na hakuna anayeuliza ni cha nini.

Mabinti wanaovaa hijabu wacheze nayo. FIFA iliruhusu rasmi mwaka 2014, na FIBA, shirikisho la vikapu duniani, mwaka 2017. Yeyote akikwambia sheria za mchezo hazikubali, mwonyeshe hiyo miaka. Iwe imebana kichwani bila pini, na ndani avae suruali ya kubana.

Kuhusu ulinzi wao, sina mjadala. Usibaki peke yako na mwanafunzi chumbani, stoo au kwenye gari. Mwalimu wa zamu ajue mko uwanjani. Usipokee namba za simu za wanafunzi, hata wakati wa likizo. Mawasiliano yapitie kwa mwalimu au mzazi. Picha usipige mpaka shule iwe imepata idhini ya wazazi. Kuna sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na mtoto analindwa zaidi ndani yake. Na msichana akikueleza jambo zito, mara nyingi ni wakati wa kukusanya koni ambapo hamtazamani usoni, msikilize, usimwahidi siri, umwambie utakayemwambia, kisha umwambie mwalimu mshauri siku hiyohiyo. Namba 116 ya watoto hupigwa bure, usiku na mchana. Iandike ndani ya mlango wa stoo ya vifaa.

Wape firimbi

Hapa ndipo ningependa wengi wetu tuweke nguvu. Tukirudi shuleni huwa tunatafuta nyota. Tunataka atakayechezea timu ya taifa ili tuseme tulimlea. Malkia Strikers, timu ya taifa ya voliboli ya wanawake, walienda Olimpiki ya Paris mwaka 2024, na kila msichana wa voliboli anajua majina yao, vizuri sana. Waambie pia jinsi wanavyokula: wengi wa wachezaji wetu wakubwa wa voliboli wako kwenye timu za Magereza, kampuni ya Kenya Pipeline na benki ya KCB. Jezi inaweza kuleta ajira. Lakini nafasi hizo ni chache, na kikosi cha shule moja tu kina wasichana kumi na wawili wanaoziota.

Firimbi ina nafasi zaidi. Netiboli huchezeshwa na waamuzi wawili, na mezani wanahitajika wa kuandika mabao na wa kushika saa. Mashindano ya shule za msingi na za sekondari msingi yamejaa mjini humu, na mara nyingi mwalimu aliyekuja na timu ndiye huyohuyo anayechezesha, wakilaumiana mpaka jioni. Msichana wa miaka kumi na minane anayejua sheria na haogopi kupuliza ataitwa. Atapewa nauli na kitu kidogo, na akienda kusoma kozi ya waamuzi ya chama cha mchezo wake, atakuwa na ujuzi usiomsubiri apate umbo au kimo fulani.

Nafanya hivi. Wiki za kwanza kila asiyecheza hushika karatasi ya mabao. Kisha saa. Kisha wawili wawili wanachezesha robo moja ya mazoezi, mmoja kila upande, na sheria yangu ni kwamba hakuna anayebishana nao, hata mimi. Mwanzoni hupuliza kwa aibu, firimbi inatoa upepo tu. Waambie wapulize mara moja, kwa nguvu, kisha wanyooshe mkono, ndipo waseme kosa. Mkono ukinyooka bila kusita, wachezaji hutii. Nimewaona wasichana ambao hawajawahi kujibu swali darasani wakimtoa nahodha kando na kumweleza kosa lake, na wiki iliyofuata mwalimu wa Historia ananiuliza nimewafanyia nini.

Gredi ya 10 wana jambo jingine la kuwafaa: mtaala wao una mafunzo ya huduma kwa jamii. Mwombe mwalimu anayehusika awaruhusu wafanye kazi hiyo katika shule ya msingi ya jirani, kuwafundisha watoto kudaka na kupasi. Shule hupata alama za mradi, watoto hupata kipindi cha P.E. kisicho cha kukaa chini ya mti, na wasichana wako wanajua mapema kama ualimu unawafaa. Mathare kuna chama cha vijana, MYSA, kilichoanzishwa 1987, ambacho timu za ligi yake zilipata pointi kwa kusafisha mitaa pamoja na zile za kushinda mechi. Kwao kusaidia jamii kulikuwa kwenye msimamo wa ligi, si kwenye hotuba. Hilo nimeliiba bila haya: kwetu, timu isiyoleta waamuzi wawili kwenye mashindano ya mabweni inaanza ikiwa nyuma.

Pesa, kwa ufupi

Usitumie simu yako kukusanya michango. Mkiwa kumi au zaidi, sajilini kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, kwa sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, mfungue akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja. Mchango mdogo wa kila mwezi hushinda harambee moja ya mwaka. Nunueni vinavyokwisha: nyavu, chokaa, pampu, na sindano za pampu. Nunueni sindano kumi. Zitapotea zote.

Mipira iwe ya saizi sahihi: netiboli na soka ni namba 5, vikapu vya wasichana ni namba 6, handiboli yao ni namba 2. Nguzo za netiboli zichomelewe na mafundi wa Kamukunji, ila usimwambie fundi "tengeneza kama zile za kawaida." Mwandikie: urefu mita 3.05, pete yenye upana wa milimita 380 kwa ndani, itokeze milimita 150 kutoka kwenye nguzo. Magoli ya handiboli, mita 3 kwa 2, yafungwe ardhini kwa vyuma. Goli lisilofungwa huwaangukia watoto wanaoning'inia.

Muhula wa tatu

Kuanzia Oktoba shule inakuwa ya watahiniwa. Usisumbue. Piga rangi nguzo wikendi moja, hesabu vifaa na mwalimu wa michezo, mtie saini wote wawili, na umpe nakala ya daftari lako la mazoezi ili asikutegemee ukihamishwa au ukijifungua. Tafuta mwingine wa zamani, mdogo kwako, aje siku mbili tatu atazame. Na barua ya mwaka unaofuata ipeleke Novemba. Ukingoja shule zifunguliwe Januari, utakuta saa zako za Jumamosi zimepewa kwaya.